Foleni ya Wenye Herufi

Siku Swafia alipoliona jina la baba yake kwenye skrini ya kompyuta mpya, lilikuwa limeandikwa ÖâÔÁÕ. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Akalipiga picha, akamtumia mzee nyumbani Matungu, akamwambia mashine imempa jina jipya, hivyo achinje kuku. Mzee Osman, ambaye simu aliijua kwa kuongea tu, alijibu kwa sauti: "Ambia hiyo mashine jina yangu nilipewa na wazazi. Siuzi na sibadilishi. Lakini kama kuku iko, mimi nakula."

Siku hizo kicheko kilikuwepo bado.

Swafia alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika kiwanda cha sukari ambacho jina lake naliweka kapuni, maana wenyewe wako hai na mimi nami napenda kuishi. Alipanga chumba Amalemba, mjini Kakamega, na gari la wafanyakazi lilimpitia kila asubuhi. Kazi aliyopewa mwaka huo ilikuwa kumstaafisha Kuka. Kuka, yaani babu, ndivyo wafanyakazi walivyoiita kompyuta kuu ya kiwanda, jitu la chuma lenye ukubwa wa makabati matatu ya nguo, lililokuwa likinguruma katika chumba cha baridi tangu Swafia hajazaliwa. Kuka ndiye aliyejua shamba la nani limekomaa na nani avunwe lini. Ila vipuri vyake havikupatikana tena, na fundi wa mwisho aliyeweza kumfungua tumbo alikuwa ameshazikwa. Ilibidi kila alichokijua kihamishiwe kwenye kompyuta ndogo za kisasa, zile zinazoenea chini ya meza.

Wengi hudhani kazi hiyo ni kama kumimina uji kutoka sufuria moja hadi nyingine. Thubutu! Ndani ya kompyuta hamna herufi hata moja, mna nambari. A ni nambari fulani, B ni nambari fulani, na ni nambari ipi hasa, hayo ni makubaliano ya waliounda mashine. Waliomuunda Kuka walikubaliana lao, na waliounda hizi ndogo wakakubaliana jingine kabisa. Kwa Kuka, A ilikuwa 193. Kwa mashine mpya, A ni 65. Ukihamisha bila kutafsiri, OSMAN anageuka ÖâÔÁÕ, na ekari zake zinageuka takataka isiyosomeka.

Basi Swafia akatengeneza jedwali la kutafsiri, nambari kwa nambari. Akazifumua tarakimu ambazo Kuka alizoea kuzibana mbilimbili ili zisijaze nafasi. Programu yenyewe ya kupanga foleni ya mavuno, iliyoandikwa kwa lugha ambayo vijana wa leo hawafundishwi tena, aliihamisha kama ilivyo, bila kugusa mstari hata mmoja, na mashine mpya ikaikubali. Hapo ndipo alipojivunia. Maneno yale yale, mashine mbili, jibu lile lile! Kwa majaribio alichukua mashamba ya kiwanda chenyewe, kwa sababu yalikuwa karibu na angeweza kwenda kuyaona kwa macho. Kila jina likatoka sawa, kila ekari sawa, na foleni ikafanana na ya Kuka kama shilingi kwa ya pili. Akatia sahihi. Mkuu wa idara yake, Kipchirchir, mwanamume mpole aliyeogopa kila kilicho juu yake isipokuwa dari, naye akatia sahihi. Kuka akazimwa, chumba kikanyamaza, na wafagiaji wakaanza kuweka ndoo zao humo.

Sasa nikueleze habari ya nguzo. Kila shamba la mkulima wa miwa lina nguzo fupi ya saruji iliyopakwa alama yake. Wakulima wa kwanza kabisa, wale waliotoa ardhi yao kwa kiwanda ambacho hakikuwa hata na bomba la moshi, walipewa alama zinazoanza na herufi. Waliokuja baadaye, pamoja na mashamba ya kiwanda chenyewe, alama zao zinaanza na nambari. Wazee wale waliambiwa: ninyi mliotuamini kwanza, ndio mtakaovunwa kwanza. Ahadi hiyo haikuandikwa popote. Haikuhitaji kuandikwa, kwa kuwa Kuka aliitimiza mwenyewe msimu baada ya msimu. Wenye herufi walikuwa wachache, walivunwa mwanzoni, kisha wenye nambari wakafuata. Hakuna aliyewahi kumuuliza Kuka alijuaje. Babu akifanya jambo miaka yote hiyo, nani anamuuliza?

Shamba la Mzee Osman lilikuwa K03. Upande wa pili wa kijia lilikuwa K04, la Mama Zeituni, mjane aliyemnyonyesha Swafia siku ambazo mama yake mzazi, Hamida, alikuwa amelazwa. Ndani ya miwa hiyo mlikuwa na kila kitu chao: dawa za presha za Mama Hamida, mabati ya Mama Zeituni, mbegu za msimu ujao.

Msimu ulifunguliwa. Wakataji wakatoka na mapanga, matrekta yakanguruma, na K03 hakuitwa. Mzee Osman akampigia binti yake.

"Asalaam aleikum, mama," alisema, maana Swafia alikuwa na jina la nyanya yake mzaa baba na mzee hakuwahi kumwita vinginevyo. "Sisi hapa tunaangalia barabara tu. Hata vumbi hatuoni."

Swafia akafungua foleni, akatazama. Jina lilikuwepo, OSMAN, bila madoido yoyote ya ajabu. Ekari sawa. Mbele yake imeandikwa kwamba miwa imekomaa. "Uko kwenye foleni, baba. Subiri."

Mzee akasubiri. Foleni ilipangwa upya kila wiki, na kila wiki Swafia alilitazama jina, akaona limeandikwa vizuri, akasema subiri. Matrekta ni machache mwaka huu, baba, subiri. Kinu kimeharibika, baba, kinatengenezwa, subiri. Na wala hakuwa akidanganya; kinu kiliharibika kweli, matrekta yalikuwa machache kweli. Lakini alikuwa kama mtu anayehesabu kuku kwa kuangalia manyoya yao yako safi. Mahali jina liliposimama katika foleni, hapo hakupatazama, kwa sababu hapo alikuwa ameshapatilia sahihi.

Miwa ikachanua maua meupe. Anayejua miwa anajua maana ya maua hayo. Mua ukipitiliza hujinyonya utamu wake wenyewe, ukakauka kutoka ndani, na kinachobaki ni kuni. Baada ya swala ya Ijumaa wenye herufi wakakusanyika nje ya msikiti, na wakaanza kulisema lile ambalo kila mkulima wa huku hulijua: choma. Ukilichoma shamba lako, majani yanaungua, mua unabaki, lakini lazima usagwe upesi kabla haujachacha. Kwa hiyo kiwanda, kwa matusi mengi, huleta matrekta mbio. Ni wizi wa foleni, na miaka ya shida nusu ya wilaya huufanya.

Mzee Osman alisimama mbele yao. "Mwana wanje, huyu mtoto wangu, ndiye ameshika hiyo foleni kwa mkono yake. Amesema tungoje. Nani hapa anajua hiyo mashine kumshinda?"

Hakuna aliyejua kumshinda. Wakangoja, si kwa ajili ya kiwanda, bali kwa ajili ya neno la Osman. Mkwe wa Mama Zeituni alikuja na kiberiti chake tayari mfukoni. Mama wa watu alimnyang'anya, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. "Osman amesema," alimwambia, "na Osman hanadanganyanga."

Jumapili moja Swafia alienda nyumbani. Mama Hamida alikuwa amepika obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, lakini chakula hakikulika. Baba alikuwa amekonda mpaka kanzu ilimning'inia. Baada ya chakula alimchukua hadi ukingoni mwa shamba, akavunja mua mmoja, akaumenya kwa meno kama alivyozoea kumfanyia utotoni, akampa. Swafia akatafuna. Ulikuwa mkavu, na katikati una mstari mwekundu wa kuoza. Hapakuwa na utamu, hapakuwa hata na maji.

"Iko sawa?" mzee aliuliza.

"Bado tamu, baba," alisema. Huo sasa ulikuwa uongo, na wote wawili waliusikia.

Alirudi kwa bodaboda, uso wake ukipigwa na upepo, akitazama mashamba ili asifikiri. Shamba lililovunwa, nguzo yake inaanza na 3. Lililovunwa, 1. Lililovunwa, 7. Kisha likatokea lililosimama, limekauka, maua juu: K. Lililovunwa, 2. Lililosimama: M. Lililosimama: K. Akashika bega la dereva. Akaangalia tena, moja baada ya jingine, mpaka barabara kuu, na hakukosea hata mara moja. Kila lenye nambari lilikuwa visiki. Kila lenye herufi lilikuwa wima linakufa.

Ndipo alipoelewa. Kwa Kuka, A ilikuwa 193, na sifuri ilikuwa 240. Herufi zilikuwa nambari ndogo, kwa hiyo Kuka akiambiwa panga, herufi zilitangulia. Hiyo ndiyo siri yote ya ahadi ya wazee! Kwa mashine mpya A ni 65, lakini sifuri ni 48. Nambari ndizo zinazotangulia. Hakuna herufi iliyokosewa, hakuna jina lililopotea, na foleni nzima ilikuwa miguu juu kichwa chini. Na kwa kuwa ilipangwa upya kila wiki, kila shamba jipya la nambari lililokomaa liliingia juu ya wazee na kuwasukuma chini zaidi. Wangesubiri mpaka Kiyama. Yeye alijaribu programu kwa mashamba ya kiwanda, yote ya nambari, na nambari kati yao hupangana vile vile katika kila mashine.

Alimwambia dereva asimame. Akashuka, akageuka kuyatazama mashamba aliyoyapita, akapanda tena.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kipchirchir kabla mwenyewe hajafika. Akamweleza yote. Kipchirchir akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Madam, dawa yake ni nini?"

"Mstari mmoja. Naiambia mashine mpya ipange kwa mpangilio wa Kuka. Nipe ruhusa, kabla ya chai nitakuwa nimemaliza."

"Huu mfumo tulishautilia sahihi. Nikikuruhusu kuugusa katikati ya msimu, halafu wenye nambari waamke wajipate nyuma, nitawaambia nini? Hii ni lazima ipite kwa kamati."

"Miwa inakufa, bwana."

"Kamati inakaa Alhamisi."

"Nakupigia magoti." Na kweli alipiga magoti, mtu mzima na shahada yake, kwenye sakafu ya ofisi, na Kipchirchir akageukia dirishani kwa aibu.

"Simama, tafadhali. Simama. Subiri tu Alhamisi."

Subiri. Swafia alilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kutoka upande wa pili, na akajua ladha yake. Alitoka nje, akasimama nyuma ya chumba cha Kuka, akampigia baba yake.

"Baba, nimepata kosa. Nimelipata! Wiki hii haiishi kabla hamjaitwa. Subirini kidogo tu, safari hii ni kweli."

Akasikia kuku nyuma ya mzee, na Mama Hamida akiita mtu.

"Hata zile zingine ulisema ni kweli, mama," Mzee Osman alisema. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira! "Sawa. Tutasubiri."

Hakumwambia kwamba Ijumaa iliyopita watu walimwambia usoni kuwa anamkinga bintiye kwa mali yao. Hakumwambia kuwa Mama Zeituni peke yake ndiye aliyembakia.

Alhamisi kamati ikakaa. Walinywa chai, wakauliza mambo ambayo hayakuhusu, wakakubali. Swafia alikimbia hadi kwenye meza yake, akaandika mstari ule mmoja, akaiambia programu ipange upya. Foleni ikageuka mbele ya macho yake. Wenye A mpaka J walishang'oa miwa zamani wakapanda mahindi, na hata K01 na K02, kwa hiyo juu kabisa, mstari wa kwanza, alikuwa OSMAN. Wa pili ZEITUNI. Alipoona hivyo aliweka kichwa juu ya meza, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza. Kibali cha kuvuna kikatoka siku hiyo hiyo, matrekta yaende Matungu kesho asubuhi.

Akapiga simu nyumbani. Haikushikwa. Akapiga tena, na tena. Mwishowe ikaita yenyewe, na alikuwa Mama Hamida, anahema.

"Baba yako amechoma," alisema. "Amechoma, na upepo umevuka."

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mzee Osman hakuchoma kwa tamaa. Alikuwa amewaza kwa muda mrefu, na akaona kwamba neno lake ndilo lililowafunga wenzake, basi ni shamba lake litakalowafungua. Ataunguza lake peke yake. Matrekta yakija mbio kwa ajili ya miwa iliyoungua, atawaomba wakataji, wakiwa pale pale, wavuke kijia wamvunie na Mama Zeituni. Alifyeka ukanda wa kuzuia moto kwa mikono yake, akasoma Bismillahi, akawasha. Lakini miwa ile haikuwa miwa tena, ilikuwa kuni. Iliwaka kwa kishindo, upepo ukageuka, na ndimi za moto zikaruka kijia kama mtoto anavyoruka mfereji. Mzee aliingia katika K04 na tawi la majani mabichi, akipiga moto, akipiga, mpaka vijana walipomvuta nje kwa kanzu. Mikono yake ilikuwa imeungua hadi viwiko. Mashamba yote mawili yalikwisha.

Swafia alifika jioni, akamkuta baba ameketi mkekani, mikono imefungwa vitambaa vyenye dawa. Aliketi karibu naye, akamlisha uji kwa kijiko.

Asubuhi matrekta yakaja. Yalikuja kweli, yakafuatana, wakataji wamekaa juu na mapanga yao, na watu wote wa karibu wakatoka barabarani kuona kioja hicho. Karani wa mavuno alishuka, akasoma nguzo, K03, akatazama jivu, akatazama kibali.

"Hiki kibali ni ya miwa mbichi," alisema. "Hii imeungua. Zilizoungua ziko na foleni yao, na siku hizi ni ndefu, kila mtu anachoma. Mpaka ifikiwe hii itakuwa imechacha. Pole, mzee."

Mzee Osman akasimama mbele ya watu, mikono yake myeupe kwa vitambaa. "Hakuna neno," alisema kwa sauti ya kusikika. "Foleni ilikuwa sawa tangu mwanzo. Mtoto aliniambia leo mnakuja. Ni mimi niliharakisha."

Watu wakanong'ona. Mzee alikuwa akimkinga tena, hata sasa, kwa kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani jina lake. Na Swafia hakuweza kustahimili.

"Haikuwa sawa," alisema. "Foleni ilikuwa kichwa chini tangu msimu ufunguliwe. Mimi ndiye niliihamisha, mimi ndiye nilitia sahihi, na kila nilipowaambia subirini nilikuwa nawaweka nyuma ya watu wote. Baba hakujua. Mimi mwenyewe sikujua."

Karani alipanda trekta lake, akaangalia kibali kingine. Matrekta yakawashwa, yakapita kwenda kwa wenye K waliobaki, na wenye K hao wakakimbia nyuma yao wasije wakapitwa.

Mama Zeituni hakukimbia, hakuwa na pa kukimbilia. Alimsogelea Swafia, akamtazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyemlea.

"Na sasa umetengeneza?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Imekaa vizuri?"

"Imekaa vizuri."

"Mimi ni wa ngapi?"

"Wa pili, mama."

"Wa pili," alisema Mama Zeituni. Aligeuka akalitazama shamba lake lote, kutoka kwenye nguzo hadi mtoni, jeusi, bado linatoa moshi hapa na pale. "Alhamdulillahi. Basi sasa jivu yangu iko mbele kwenye foleni."

Kisha akaenda kumsaidia Hamida kubadilisha vitambaa vya mikono ya Osman.